GParted: Msaidizi Mwaminifu wa Kugawa Upya Diski

Kwa mwenye kompyuta inayobeba Windows na Linux kwenye diski moja, ambaye upande mmoja umemjaa huku mwingine ukiwa na nafasi tele, ninapendekeza GParted, programu huria iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Ni ya bure, na toleo lake la GParted Live, lililojengwa juu ya Debian, huwekwa kwenye flashi na kuwasha kompyuta bila kutegemea mfumo uliomo ndani, jambo la lazima kwa sababu patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) yenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, haipunguzwi ikiwa inatumika.

Ninachokithamini zaidi ni subira yake. Kila badiliko hupangwa kwanza kwenye foleni na kuonyeshwa kwenye mchoro wa diski, wala data haiguswi hadi mtumiaji athibitishe. Tena, ikikuta patisheni ya NTFS, mfumo wa faili wa Windows, yenye hitilafu, au ambayo Windows imeiacha bila kuzimika kabisa, hukataa kuipunguza. Wapo wanaoliona katazo hilo kuwa usumbufu na kutafuta njia ya kulikwepa, ilhali ndilo linalolinda faili zao. Wanachopaswa kufanya ni kurudi Windows, kuondoa mpangilio wa kuwaka haraka, kukagua diski, kisha kuzima kompyuta ipasavyo.

Hatari kubwa imo katika kusogeza mwanzo wa patisheni. Kuongeza nafasi mwishoni mwake huwa kazi fupi, lakini mwanzo ukisogezwa, data yote hunakiliwa kwenda mahali papya, pengine kwa saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kila kitu kinaweza kupotea. Asiye na betri ya akiba asianze, na asiye na nakala rudufu kwenye diski nyingine asiifungue kabisa programu hii.

Haiwezi yote. GParted haibadilishi ukubwa wa patisheni iliyofungwa kwa BitLocker, kinga ya usimbaji ya Windows, na kwa APFS, mfumo wa faili wa Mac, ni lazima kutumia Disk Utility ya macOS yenyewe. Hata patisheni ya C ya Windows ningeipunguza kwanza kwa Disk Management, chombo cha Windows yenyewe, ingawa chombo hicho hukwama kinapofikia faili zisizohamishika, kisha nafasi iliyopatikana ningeiachia GParted iigawe upande wa Linux.