Vim kwenye seva ya mbali: uzoefu wangu, na hasira zangu kwa mashabiki wake

Vim, programu ya kuhariria maandishi na kodi, naipa nyota moja. Na hiyo moja ni kwa kuwa ni ya bure.

Wanaonikera kwanza ni mashabiki wake wenyewe. Ukikaa na vijana wa kompyuta hapa Unguja, ubishi wa Vim na vihariri wenzake, Emacs na VS Code, haupishani na ule wa mpira pale Jaws Corner: kila mtu na timu yake, na hakuna anayesikiliza. Wa Emacs atakwambia Vim ni ya yule mnyama wa Ufunuo, kwani mzazi wake ni vi, na VI VI VI kwa namba za Kirumi ni 666. Wa Vim atajibu kwamba Emacs ni mfumo kamili wa kuendeshea kompyuta, umekosa kihariri tu. Utani huu wanaurithi: vi ya Bill Joy na Emacs ya mwanzo zote ni za 1976. Kwa utani sina neno. Lakini mwambie shabiki wa Vim, "Yakhe, skrini imeganda, nifanyeje?" Anapiga funda la kahawa, anakujibu, "Andika :help." Skrini imeganda, hiyo :help naiandika wapi?

Tatizo lenyewe ni hili. Mkono uliozoea VS Code huhifadhi kwa Ctrl-S bila kufikiri. Kwenye terminali ya Linux, yaani dirisha la kuandikia amri, Ctrl-S ni amri ya kale ya kusimamisha maandishi yasitoke, na matoleo ya zamani ya Vim, yale unayoyakuta kwenye seva zisizoguswa miaka, hayaizuii. Skrini inanyamaza. Vim haijafa, ila vyote unavyobonyeza vinapangwa foleni. Ukiwa umegonga dd (amri ya kufuta mstari) mara tano kwa hasira, siku itakapofunguka mistari inafutika mbele ya macho yako (bonyeza u mara tano, itarudi). Dawa ni Ctrl-Q. Basi, hiyo tu! Ukitaka yaishe moja kwa moja, tia stty -ixon ndani ya ~/.bashrc, faili la mipangilio la seva, kisha ingia upya.

Asiyeijua Ctrl-Q hufunga dirisha. Akirudi kwenye faili anakutana na E325, onyo la Vim, maelezo skrini nzima kama hati ya mashtaka, na wengi hubonyeza D ili kelele ziondoke. Usibonyeze D. Inafuta faili la .swp, akiba ya Vim, na humo ndimo ilimo kazi yote tangu :w (amri ya kuhifadhi) ya mwisho. Soma kwanza namba ya mchakato. Ikiwa Vim nyengine bado imelishika faili hilo, bonyeza Q ukaitafute. Ikiwa haipo, bonyeza R, irejeshe kazi. Halafu usihifadhi juu ya faili la asili: tuseme ni kazi.php, andika :w kazi2.php, toka, linganisha kwa diff kazi.php kazi2.php. Ukiridhika, weka jipya mahali pa la zamani, kisha futa akiba kwa rm .kazi.php.swp, kwa sababu baada ya R Vim hailiondoi yenyewe na E325 itakurudia kila ukifungua.

Hata hivyo, nyota moja ni uonevu. Kelele hiyo hiyo ndiyo inayokuokoa umeme ukikatika, na sisi umeme wetu unapita chini ya bahari. Aliyekuwepo 2008 anakumbuka Unguja ilivyokaa kiza wiki baada ya wiki. Vim huandika .swp kila herufi 200, au ukitulia sekunde 4. Emacs nayo hujiwekea akiba, lakini kila vibonyezo 300 au utulivu wa sekunde 30, na unairudisha kwa M-x (yaani Alt-X) recover-this-file. Haigandi kwa Ctrl-S, hilo nawapa. Ila kuhifadhi tu ni Ctrl-X kisha Ctrl-S, kidole cha mwisho kinaomba msamaha.

VS Code? Kwa seva yenye RAM ya megabaiti 512, sahau. Njia yake ya SSH, ya kuingilia seva ya mbali, hupakua kwanza kipande chake na kukiweka kwenye seva, na inataka angalau gigabaiti 1. Mtandao ukisuasua unabaki kutazama duara likizunguka. Vim inapitisha maandishi matupu. Iendeshe kwenye seva ndani ya tmux, programu inayoshikilia kazi yako hata ukikatika (tmux new -s kazi), laini ikikatika ingia tena, tmux attach -t kazi, unaikuta kama ulivyoiacha, hata neno halijaanguka.

Basi tatu. Karibu niseme nne, kisha nikaikumbuka ile skrini ya mwanzo. Ukifungua Vim bila faili, mara nyingi inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, aliyeitoa 1991 na kufariki 2023, alitaka hivyo badala ya malipo. Jambo jema, tena la majirani zetu. Chini yake imeandikwa :q ndiyo ya kutokea. Ctrl-Q ingekula mstari mmoja tu hapo, na nafasi tele imebaki. Tatu zinatosha.