Kidude cha kupigisha majani muziki, soma kwanza kabla hujatoa hela

Wale mnaoniuliza kuhusu kile kidude nnachobandika kwenye maua pale kibarazani afu simu inapiga muziki, leo naandika yote mara moja yaishe. Changu sio PlantWave, ile ndo maarufu na mpya inacheza kwenye dola 300 hivi, bado usafiri na ushuru. Mi nimechukua cha kampuni nyingine, used, kwa jamaa aliyekuwa anahama, jina naliacha maana nna ya kusema.

Kinavyofanya kazi wala sio uchawi. Kuna nyaya mbili zenye vibandiko, vile vile wanavyokubandika kifuani ukienda kupima moyo, unabandika kwenye jani huku na huku. Kinapitisha umeme mdogo sana afu kinapima jani linaupitisha kiasi gani, na hicho kipimo hakitulii, maji yakitembea ndani ya jani kinabadilika, ukiligusa ndo usiseme. Kila badiliko linageuzwa noti ya muziki, inarushwa kwa bluetooth, app kwenye simu inaipigia kinanda au kengele au chochote ulichochagua. Hakuna maikrofoni humo, tusidanganyane.

Bingwa kwangu ni mpira, ule wa ndani wenye majani mapana mazito, kibandiko kinakaa. Aloe vera nayo poa. Kifauwongo nilikitamani sana kwa sababu ule mmea kweli una umeme wake, ukiugusa ishara ya umeme inakimbia ndani ndo majani yanajikunja, sasa weee, vijani vyenyewe vidogo, nakaribisha kibandiko tu kishajikunja, kibandiko kinadondoka, nasubiri kifunguke, narudia, kinajikunja tena, mama yuko pembeni anacheka mpaka anakohoa. Mwembe wake pale nyumbani gome halikutoa hata noti moja, limekauka mno, ila majani machanga yale mekundu mekundu yakakubali.

Sasa nije kwenye lililoniudhi. Kuna siku nilibandika dodoki la kuoshea vyombo, limelowa. Likapiga! Tena taratibu, tamu, kama lina majonzi vile. Ndo nikaelewa app imeshachagua noti zinazopatana, imechagua chombo na mwendo, kwa hiyo ukiipa chochote chenye unyevu kitatoka kitamu tu. Mmea unachangia lini noti ipande na lini itulie, na hilo sio dogo kwangu, asubuhi jua likiingia mpira wangu unachangamka waziwazi na usiku unapoa, napenda kuusikiliza huku nafanya kazi. Ila pale kwenye boksi wameandika eti mmea unahisi hisia zako na unakuimbia, hapana bwana. Hiyo hadithi ni ya Cleve Backster, Mmarekani wa mashine za kupima uongo, mwaka 1966 alibandika mashine yake kwenye dracaena, ua la ndani tu, akasema mmea unasoma mawazo, wanasayansi wakarudia kwa uangalifu wasione kitu. Mngeuza muziki bila hiyo porojo ningewaheshimu zaidi.

Halafu vyombo vizuri vyote vya muziki kwenye app mpaka ulipie kila mwezi, na pamoja na yote hayo hamna marimba wala zeze, ni kengele na vinanda vya spa tu. Betri safi, sina neno.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Kama unataka sauti ya kutuliza sebuleni na una hela ya kuchezea, chukua, watoto wataipenda mno. Kama unatunga muziki, tafuta chenye kutoa MIDI, yaani noti kama data ya kompyuta na sio sauti, uingize kwenye programu yako ya muziki uchague noti mwenyewe, hapo ndo kuna raha. Vibandiko msiagize nje, maduka ya vifaa vya hospitali wanauza vya ECG, vile vya kupimia moyo, vinaingia vizuri tu, futa vumbi kwenye jani kwanza, na zima feni, maana jani likitikisika utadhani mmea una stori nyingi kumbe ni upepo.