Kabla ya dira na dhamira, hesabu kanda: mapitio ya huduma ya mpango mkakati kwa taasisi za urithi wa muziki

Kifurushi chenyewe kinafanana karibu kila mahali, iwe Unguja, Mombasa au Dar es Salaam. Mshauri mwelekezi anapokea hadidu za rejea (maelezo ya kazi anayopewa), anahoji viongozi siku mbili tatu, anaendesha warsha ya siku tatu hotelini, na baada ya wiki kadhaa analeta kitabu kinene chenye dira, dhamira, maadili ya msingi na jedwali la malengo ya miaka mitano. Juu yake kuna mafunzo ya kujenga uwezo, kwa kawaida siku tano: uongozi, uandishi wa maandiko ya miradi, ufuatiliaji na tathmini. Mapitio haya yanaitazama huduma hiyo kama inavyouzwa kwa taasisi ndogo zinazotunza muziki wa zamani: vikundi vya taarab vyenye kabati la kanda, vyuo vya muziki, maktaba za sauti, bendi za dansi zilizobakiwa na nyaraka na picha.

Hukumu naitoa mapema. Kifurushi cha kawaida kinapata nyota 2 kati ya 5. Kikifanyiwa marekebisho yanayofuata hapa, 4.

Nyota hizo mbili ni za haki. Warsha inawakalisha meza moja watu wasiokutana: mpiga fidla mkongwe, fundi sauti kijana, mweka hazina. Na mgeni anaweza kuuliza swali ambalo mwanachama angeonekana hana adabu akiliuliza: "Mzee wetu, siku ukisafiri, ufunguo wa kabati unabaki kwa nani?" Kwa taasisi nyingi za aina hii, swali hilo peke yake lina thamani ya nusu ya ada.

Baada ya hapo mambo yanaharibika, na yanaharibika siku ya kwanza kabla ya chai ya saa nne. Bangokitita limesimikwa, vikaratasi vya rangi vimegawiwa, kila mtu anaandika taasisi itakuwaje miaka mitano ijayo. Ukuta unajaa maneno "kituo bora cha urithi wa muziki Afrika Mashariki". Hakuna aliyetaja idadi ya kanda zilizopo, ziko katika hali gani, wala nani mwenye haki nazo. Mpango unaojengwa juu ya ukuta ule utasema kwamba mkusanyiko wote utahamishiwa kwenye kompyuta ndani ya miezi 12, na mfadhili atausaini.

Hesabu inaukataa. Chukua kabati lenye kaseti 600 za dakika 60 na rili 300 za inchi 7, yaani kanda za wazi zilizozungushwa kwenye gurudumu. Kaseti peke yake ni saa 600. Rili ya futi 1,200 iliyorekodiwa kwa mwendo wa inchi 7.5 kwa sekunde inacheza dakika 32, kwa hiyo zote 300 ni saa 160. Jumla saa 760. Kila saa ya sauti panga angalau saa tatu za fundi: kusafisha vichwa vya mashine, kurekebisha mlalo wa kichwa (pembe kinayokutana nayo na kanda) kwa kila kanda, kusikiliza mwanzo hadi mwisho, kuipa faili jina na kuandika maelezo. Hizo ni saa 2,280. Fundi mmoja anayepata saa sita za kazi halisi kwa siku, siku 220 kwa mwaka, atamaliza baada ya miezi 21, umeme usipokatika. Na ikigundulika kwamba rili zilirekodiwa pande zote mbili, zile saa 160 zinakuwa 320 na hesabu inaanza upya.

Nafasi ya kuhifadhia ndiyo rahisi, ingawa ndiyo inayowatia watu hofu. Mwongozo wa IASA, jumuiya ya kimataifa ya watunza sauti na picha, uitwao TC-04, ambao unasomeka bure mtandaoni, unaweka biti 24 na kilohezi 48 kuwa kiwango cha chini cha ubora wa faili ya sauti, na watunza sauti wengi hupanda hadi kilohezi 96. Kwa kiwango hicho cha juu saa moja ya stereo ni gigabaiti 2 na chembe. Saa 760 ni terabaiti 1.6, nakala tatu hazifiki 5, na moja kati ya hizo tatu lazima ikae jengo jingine. Kinachokula fedha ni zile saa 2,280 za mtu, na ndizo zisizoonekana kwenye bajeti kwa sababu mpango umeandika "fundi wa kujitolea".

Kwa hiyo marekebisho ya kwanza: tathmini ya mkusanyiko itangulie warsha, ifanywe na mtu anayejua kanda, na ichukue siku nyingi kuliko warsha yenyewe. Orodha iwe na safu za aina ya kanda, ukubwa, maandishi ya kwenye boksi, hali, na kama ni kanda mama (ile ya kwanza iliyorekodiwa) au nakala. Hapo ndipo mtaalamu anapojulikana. Ataiinua rili kwenye mwanga wa dirisha: mwanga ukipenya kwenye tabaka za kanda, huenda ni asetati, ukizuiwa, ni poliesta, aina mbili za plastiki ambazo kanda hutengenezwa nazo. Atanusa boksi, kwa sababu asetati inayooza hutoa harufu ya siki na inatakiwa itengwe na nyingine mara moja. Poliesta ya miaka ya 1970 na 1980 ina ugonjwa wake: gundi inanata, kanda inalia kwenye mashine na kuacha tope la kahawia juu ya vichwa. Hiyo hupashwa joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa, kwenye kifaa kinachodhibiti joto, ndipo ichezwe. Asetati haipashwi hata kidogo. Mshauri anayeandika "kanda zote zitapashwa moto kabla ya kuchezwa" amenakili mahali. Pwani kuna na ukungu, na kanda yenye ukungu ukiichezesha bila kuisafisha unausambaza kwenye mashine na kanda zinazofuata.

Ile safu ya "kanda mama au nakala" nayo ina sababu. Bendi nyingi za dansi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, hivyo kanda mama zilibaki redioni. Santuri nyingi zilichapishwa Nairobi. Taarab ya Mombasa ilitoka kwa lebo za wafanyabiashara wa mji, kama Mzuri. Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi tangu 1928. Taasisi inaweza kujikuta imetumia mwaka mzima kuhamisha nakala ya nakala, wakati kanda safi ipo jengo jingine na inahitaji barua ya makubaliano tu.

Sehemu ya haki ndiyo dhaifu kuliko zote katika mipango hii. Kwa kawaida ni aya moja: "taasisi itazingatia sheria za hakimiliki". Wimbo mmoja wa taarab una wenyewe wengi: aliyetunga shairi, aliyelitia muziki, mwimbaji, wapigaji, aliyerekodi. Tena hakimiliki si jambo la Muungano. Bara kuna COSOTA na Zanzibar kuna COSOZA, vyombo vya hakimiliki, kila kimoja na sheria yake, na hata usajili wa taasisi una sheria tofauti pande hizo mbili. Ukiona mpango wa kikundi cha Unguja unamtaja COSOTA peke yake na Sheria ya NGO ya mwaka 2002, ujue umebadilishwa jina la taasisi tu na maandishi mengine ni ya mteja aliyepita. Mpango unaofaa unaweka fomu ya ridhaa kama kiambatisho, unasema nani atakwenda kwa familia za watunzi, na unatenga nauli yake.

Haki zikikosekana, fedha nazo hazipatikani, na hapa mipango mingi inajikata yenyewe. Orodha ya wafadhili hutaja mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa British Library bila kuangalia kwamba unalenga zaidi nyaraka za kabla ya katikati ya karne ya 20. Kaseti za mwaka 1985 ni vigumu kuingia humo. Mlango wake ni mpango wa kisasa wa aina hiyo ulio chini ya maktaba ya UCLA, Marekani, ambao unapokea nyaraka za karne ya 20 na 21 na una ruzuku ya maandalizi na ya mradi kamili. Wote hao wanataka kazi iishie kwenye mtandao, wazi kwa watu, na huwezi kuweka wazi usichoruhusiwa.

Sura ya fedha isomwe kwa jicho kali. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002, kiliomba msaada hadharani mwaka 2019 kisije kikafungwa. Hizo ni taasisi zenye jina kubwa. Kwa ndogo, mpango unaoandika "kuongeza vyanzo vya mapato" bila kutaja chanzo hata kimoja, kiasi, na mtu wa kukifuatilia, unauza upepo. Kwa Tanzania Bara, mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 unapelekwa Hazina na kwa Msajili wa NGO, kwa hiyo kalenda ya mradi iache nafasi ya hilo. Na ada ya mshauri mwenyewe inakatwa kodi ya zuio, asilimia 5 kwa mkazi na 15 kwa asiye mkazi. Msipoiandika kwenye mkataba tangu mwanzo, atadai ada yote mkononi na kodi italipwa na taasisi.

Mafunzo sasa. Siku tano za uongozi haziudhuru mwili, ila mashine ya rili haiendeshwi kwa uongozi. Mafunzo yenye faida hufanyika mezani, penye mashine na kanda isiyo na thamani ya kufanyia makosa: kusafisha vichwa kwa pamba na spiriti ya isopropili, kubadili mkanda na gurudumu la mpira, kupanga majina ya faili kwa utaratibu mmoja, kutengeneza alama ya ukaguzi ya kila faili (namba inayokokotolewa na kompyuta, inayobadilika faili ikibadilika) na kuihakiki baada ya miezi sita kuona kama faili imeharibika. Watu wawili wafundishwe, maana mmoja akipata kazi redioni mtabaki na mashine ya mapambo. Kosa la kawaida hapa halitokani na mkufunzi. Penye posho, kiti cha mafunzo hukaliwa na mwenyekiti, na fundi anabaki ofisini kulinda simu. Majina ya wanafunzi yaandikwe kwenye hadidu za rejea.

Kuhusu uongozi wenyewe, nina neno moja tu. Ikhwani Safaa ilianza mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, kabla hata ya neno "mpango mkakati" kufika visiwani. Vikundi vya namna hiyo ni vya wanachama na vina desturi zake za kuamua mambo. Mshauri anayechora bodi ya wadhamini mpya kabla ya kuuliza kamati iliyopo inaamuaje, atapigiwa makofi warshani na hatasikilizwa baadaye.

Malipo yagawanywe hivi: asilimia 20 mshauri akikabidhi taarifa ya kuanza kazi, 30 orodha ya mkusanyiko ikikamilika, 30 rasimu ikipitishwa na wanachama, na 20 za mwisho baada ya ziara ya ufuatiliaji miezi sita baadaye. Washauri wengi huikataa hiyo ya mwisho. Anayeikubali ana matumaini kwamba mpango wake utakuwa hai baada ya miezi hiyo sita, na kwa vifurushi vyote vinavyouzwa, hiyo ndiyo tofauti ninayoiamini zaidi kuliko wasifu wake wa kurasa kumi.

Rasimu ikifika, ruka dira na dhamira, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la mpango kazi, safu ya "mhusika". Kama kila mstari umeandikwa "Sekretarieti", na sekretarieti yenyewe ni katibu mmoja anayefundisha shule asubuhi, irudishe siku hiyohiyo ikiwa na hesabu ya saa 2,280 pembeni, kwa kalamu nyekundu.