Miche ya mkuyu kwa kiwanja kinachotuama maji, nyota 4 kati ya 5

Kama kiwanja chako ni kile mvua ikinyesha maji yanakaa tu na unatafuta mti wa kivuli, achana na mparachichi, mizizi yake itaoza hapo, chukua mkuyu. Ni mti wetu wa asili, kwake ni kando ya mito, maji ya chini hayamsumbui.

Miche niliyonunua ililetwa kwenye viriba, saizi ya goti hivi. Kabla hujalipa omba wakate kiriba kimoja uone mizizi, hii yangu ilikuwa imeshuka vizuri haijajiviringisha, maana kuna watu wanauziwa mche mrefu uliokaa ndooni muda mrefu, majani yanapendeza ila chini mizizi imejizungusha yote, huo hata ukishika utasumbua mbeleni. Papasa na jani pia, la mkuyu linakwaruza kama msasa na ukilichuma linatoa utomvu mweupe, ukiona jani laini linang'aa, jua kwamba umepewa mti mwingine.

Hii ilioteshwa kwa vipandikizi vya matawi na wala sio uchakachuaji jamani, mkuyu ili upate mbegu nzuri lazima kanyigu kadogo kaingie ndani ya kuyu kuchavusha, Misri ambako hako kanyigu hakakuwepo waliotesha kwa matawi tangu enzi za mafarao.

Sasa usiuchomeke tu kwenye tope kwa vile unapenda maji. Mche mchanga ukizama unaweza kufa kabla haujashika, mimi niliinua tuta dogo nikapanda juu yake, mizizi inayafuata maji yenyewe huko chini. Matandazo yasiguse shina, nyasi palilia, na mbuzi weka uzio kabisa.

Nyota moja nimekata kwa sababu muuzaji hakusema chochote kuhusu ukubwa wa huu mti, na mtu mwenye kiwanja kidogo ataumia. Unaweza kupita mita 20 kwenda juu na matawi yanatanda sana, mizizi nayo inatafuta maji popote, kwahiyo kaa mbali na nyumba, mabomba na shimo la choo. Ukianza kuzaa popo watakuja usiku na makuyu yatadondoka chini, basi gari egesha kwingine. Na kiangazi ukiuona unapukutisha majani usimwite mtu wa kukata, haujafa, utachipua tu.