Uzoefu wangu na riwaya ya mke aliyeshindwa kujizuia: mwanzo moto, mwisho nimepigwa

Riwaya hii imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma, na wengi wanainunua wakidhani ni hadithi ya chumbani. Kama unatafuta hayo, utaijutia hela yako mapema. Mke anayesimuliwa humu hafurahii chochote. Anatoka kwa huyu anaenda kwa yule, anarudi nyumbani anaoga mara mbili, kesho yake anaapa kuacha, keshokutwa yuko palepale. Mlango wa chumba tunafungiwa karibu kila mara. Tunachoonyeshwa ni kazi ya kudanganya: namba ya mwanaume iliyohifadhiwa kama "Fundi Friji", mazoezi ya kwaya yasiyoisha, hela ya kikoba iliyoishia gesti.

Kuna kipande cha voisi, jamani. Mke yuko mapokezi ya gesti, anamtumia mumewe voisi kwamba kikao cha ofisi kimechelewa. Mume anaisikiliza, anaweka simu mezani, anaendelea kumkatia mtoto embe. Anaisikiliza tena. Nyuma ya sauti ya mkewe kuna dada anauliza, "Ya muda au ya kulala?" Basi. Hagombi, hapigi simu. Anamaliza kukata embe, anafuta kisu.

Huyo mume ndiye aliyeandikwa vizuri kuliko wote. Hadithi nyingi za aina hii humfanya mume mlevi au mzembe kitandani, mke apate kisingizio. Huyu hana kosa la kushika, na ndiyo maana inauma.

Kwenye kikoba chetu cha Ilazo tulibishana kweli. Shoga mmoja akasema huyo ni malaya tu, tusimpambe. Mwingine akadakia: apelekwe Mirembe! Watu wakacheka, maana hapa mjini Mirembe ni utani wa tangu utotoni, ingawa ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na watu wanatibiwa pale. Mimi sikuona utani. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inaitambua hali hii ya kushindwa kuzuia tamaa ya ngono. Imewekwa kwenye kundi la matatizo ya kushindwa kujizuia, haikuchanganywa na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kinachoangaliwa ni kama mtu ameshindwa kujizuia kwa muda mrefu, kama miezi 6 au zaidi, mpaka kazi, afya au familia vinaharibika. Kujiona mwenye dhambi peke yake hakutoshi kumfanya mtu mgonjwa. Nusu ya kwanza ya riwaya inakwenda hivyo hivyo: mke anakosa usaili wa kupandishwa cheo, siku nyingine anamsahau mtoto shuleni hadi giza linaingia.

Halafu mwisho ukaniudhi. Mkesha mmoja wa maombi, mke analia, asubuhi amepona, mume amesamehe, wanapanda SGR kwenda Dar kula fungate ya pili. Mimi ni mtu wa kanisani na maombi nayaheshimu, lakini aliyekwama kurasa zote zile haponi kati ya saa sita usiku na alfajiri. Hata mchungaji wetu angemwambia aje tena Jumatano. Yuko mshauri nasaha anayetokea mara moja, anauliza swali moja la maana, kisha haonekani tena. Huyo ndiye niliyemtaka.

Kuhusu huduma: ni PDF ya shilingi 5,000, unalipa kwa simu, unatumiwa faili. Langu lilikuja haraka, ila sehemu ya 23 imerudiwa na ya 24 haipo kabisa. Nikamwandikia muuzaji. Tiki za bluu, kimya. Baadaye akanitumia tangazo la msimu wa pili. Nitaununua kwa ajili ya yule mume, ila safari hii faili nilione kwanza ndipo nitume hela.