SQLite: hifadhidata ya kwanza kwa anayejifunza kujenga tovuti

Hifadhidata ya kwanza niliyojaribu kuisakinisha ilinichukua siku mbili, na katika siku hizo mbili sikujifunza jambo lolote kuhusu hifadhidata. Nilichojifunza ni habari za seva (programu inayokaa macho muda wote kuihudumia hifadhidata) iliyogoma kuwaka, nywila ya msimamizi niliyoisahau kabla sijaitumia, na poti (mlango wa mawasiliano wa kompyuta) iliyokuwa tayari imeshikwa na programu nyingine. Ndiyo maana ninaitathmini SQLite kwa kumfikiria mtu aliye pale nilipokuwa mimi: anajua HTML na CSS kiasi, ameanza kuandika Python, PHP au JavaScript, na sasa anataka tovuti yake ikumbuke kitu hata baada ya kompyuta kuzimwa.

SQLite haina seva. Hifadhidata nzima, pamoja na majedwali na faharasa zake, ni faili moja inayokaa ndani ya folda ya mradi, na programu yako huisoma na kuiandika yenyewe. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 alipokuwa akishughulikia programu za manowari ya Jeshi la Majini la Marekani, ambako hifadhidata iliyokuwapo ilitegemea seva, na seva ikilala programu nayo husimama. Msimbo wake umeachwa kuwa mali ya umma, kwa hiyo hakuna ada ya kulipa wala masharti ya leseni ya kuumiza kichwa. Yaelekea tayari unayo, kwa kuwa imo ndani ya simu za Android na za iPhone, na Python imekuja nayo tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006. Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, huitumia kama chaguo lake la kuanzia, na Laravel, mwenzake wa PHP, ilifuata njia hiyo katika toleo la 11 la mwaka 2024.

Mradi wangu ulikuwa daftari la kuazimisha vitabu, lenye majedwali matatu: wanachama, vitabu na uazimaji. Tangu kuunda faili hadi kumwingiza mwanachama wa kwanza hazikupita dakika kumi. Hata hivyo, faida iliyonigusa zaidi niliiona nilipoanza kuharibu mambo. Kila nilipotaka kujaribu amri ya kufuta ambayo sikuiamini, nilifunga programu, nikanakili faili ile kama mtu anavyonakili picha, kisha nikajaribu. Mambo yakienda kombo, nilitupa faili iliyoharibika na kuirudisha nakala. Kwa kuwa sikuogopa kuharibu, nilijaribu mengi, na baada ya wiki mbili nilikuwa ninaunganisha majedwali yote matatu kwa JOIN ili kumjua aliyekaa na kitabu kupita siku 14. Programu ya bure iitwayo DB Browser for SQLite ilinisaidia kuyaona majedwali kwa macho, jambo ambalo anayeanza asilidharau.

Sasa nije kwenye kasoro, kwani zipo na baadhi yake humlea mwanafunzi vibaya. Ya kwanza ni ulegevu wa aina za data. Katika jedwali la wanachama niliitangaza safu wima ya umri kuwa INTEGER, yaani namba kamili, lakini nilipoandika neno "hajui" mahali pa umri, SQLite ililipokea bila kunung'unika. Safu wima ya simu nayo niliitangaza kuwa INTEGER, nikaja kugundua kwamba kila namba iliyoanza na sifuri ilikuwa imepoteza sifuri hiyo. Kosa hili la pili lilikuwa langu mwenyewe, kwa sababu namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, hivyo ilistahili kuwekwa kama maandishi. Kwa lile la kwanza ipo dawa: tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021, ukiongeza neno STRICT mwishoni mwa tangazo la jedwali, "hajui" hukataliwa papo hapo. Ninamshauri anayeanza alizoee neno hilo tangu jedwali lake la kwanza.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Ufunguo wa nje, ambao kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila rekodi ya uazimaji inamhusu mwanachama aliyepo kweli, kwa kawaida huwa umezimwa, na ni lazima uuwashe kwa amri ya PRAGMA foreign_keys = ON kila programu inapojiunga na hifadhidata. Mimi sikulijua hilo. Nilimfuta mwanachama namba 7, na vitabu vyake vitatu vikabaki vimeazimwa na mtu ambaye hayupo, huku ripoti yangu ikiviruka kimyakimya kwa kuwa JOIN haikupata wa kumwunganisha naye. Sababu ya kuuacha umezimwa ni kutovuruga programu za zamani, na ninaielewa, ila anayejifunza ndiye anayeilipia. Anayetumia Django ameepushwa na shida hii, kwa sababu Django huuwasha yenyewe tangu toleo la 2.0.

Watu hupenda kusema kwamba SQLite ni ndogo mno kwa tovuti ya kweli, na hapo ninatofautiana nao. Ukomo wa ukubwa wa faili yake ni takriban terabaiti 281, na tovuti ya SQLite yenyewe huendeshwa kwa SQLite. Kikwazo halisi ni kwamba mwandishi huwa mmoja tu kwa wakati mmoja. Wengine wakitaka kuandika hungoja zamu, na wakingoja kupita kiasi hurudishiwa ujumbe kwamba hifadhidata imefungwa. Hali ya WAL, ambamo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili ya pembeni, iliyoingizwa mwaka 2010, huwaruhusu wasomaji kuendelea wakati mwandishi anaandika, nayo hutosha kabisa kwa tovuti ambayo wengi husoma na wachache huandika.

Mtego ulioniuma zaidi haukuwa ndani ya SQLite hata kidogo. Niliipeleka tovuti yangu kwenye huduma moja ya kuhifadhi tovuti ambayo diski yake husafishwa kila programu inapowashwa upya, na asubuhi moja nikakuta daftari halina mwanachama hata mmoja. Kabla ya kupeleka faili ya SQLite popote, uliza kama diski ya huko ni ya kudumu, na uiweke faili hiyo nje ya folda inayofikiwa na kivinjari, la sivyo mgeni yeyote anaweza kuipakua nzima.

Kuhusu hifadhidata nyingine nitasema kwa ufupi. MySQL, ya tangu mwaka 1995, pamoja na ndugu yake MariaDB, ndiyo njia ya anayelenga kazi za WordPress, mfumo wa kuundia na kuendeshea tovuti. MongoDB, iliyotoka mwaka 2009, humvutia mwanafunzi wa JavaScript kwa sababu rekodi zake, ziitwazo nyaraka, zinafanana na vitu (objects) anavyoandika kila siku, lakini data ya anayeanza karibu yote ni ya mahusiano: mwanachama, kitabu, nani amechukua nini. Ninaona ni heri kuanza na majedwali. PostgreSQL ndiyo ningeichagua kwa tovuti yenye waandishi wengi kwa pamoja, na ukali wake juu ya aina za data ni sifa, ila iwe hatua ya pili.

Mimi nilihamia PostgreSQL baada ya mwaka mmoja. SQLite haina aina maalumu ya tarehe, lakini nilikuwa nimeziandika zote kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa hiyo zilipokelewa bila taabu, na maulizo yangu mengi yalifanya kazi bila kubadilishwa herufi. Uhamisho ulikwama mahali pamoja tu, kwenye safu wima ya umri, ambako neno "hajui" lilikuwa likinisubiri katika safu mlalo nne.