MP5 ya inchi 7 kwenye Toyota IST: inafaa kwa mfuko mdogo?

IST nyingi za hapa Arusha bado zina redio ya Kijapani inayoishia 90 MHz, hivyo stesheni za juu ya hapo haziingii. MP5 isiyo na jina, yaani redio ya gari yenye skrini, inamaliza kero hiyo: FM hadi 108, Bluetooth, USB na tundu la kamera ya nyuma. Kwa bei yake, inafaa.

Ila usiamini "4 × 60W" ya kwenye boksi. Chipu ya ndani hutoa wati 15 hadi 20 hivi kwa kila spika. Ukizidisha, sauti inakwaruza. Hela inayobaki iende kwenye spika mbili za milango ya mbele, sentimita 16, ohm 4. Za nyuma ziache, sabufa isubiri.

Fundi atumie soketi za Toyota, pini 10 na pini 6, asikate nyaya za gari. Waya wa njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi ya ufunguo, nyeusi huungwa kwenye bodi ya gari. Akiziunga njano na nyekundu kwenye umeme wa kudumu, betri italala. Akiziunga kwenye swichi, stesheni zitafutika kila ukizima gari.

Spika za Toyota zimepigwa ribiti: ribiti zitobolewe, kisha iwekwe ringi nene ya plastiki, la sivyo sumaku itagusa kioo kikishushwa. Dai pia vipande vya pembeni, maana MP5 ina milimita 178 na nafasi ni 200.

Udhaifu mkubwa ni skrini: juani haisomeki kabisa.